Pikapu ya Kifahari: Bei ya Kununua na Bei ya Kuitunza

Maneno haya yalisemwa na fundi wa magari mwenye gereji Kitengela, alipoalikwa kuzungumza na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia huko Ewuaso Kedong. Vikundi vitatu vilikuwa vimechanga fedha ili vinunue gari moja la pamoja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tukiyapunguza hapa na pale.



Nimeambiwa nisikae sana hapa mbele kwa sababu kuna wenye ng'ombe wa kunywesha. Nitajaribu. Jambo lililonileta ni moja. Vikundi vyenu vitatu vimechanga shilingi 1,500,000. Mnataka gari la kubeba maziwa asubuhi, maji wakati wa kiangazi, mbuzi wa kupeleka soko la Suswa au Kiserian, na mgonjwa usiku akitokea. Sasa kuna mtu kule Kitengela amewaonyesha dabo kebini. Viti vya ngozi, redio yenye kioo kama cha televisheni, rimu zinang'aa, bei 1,450,000. Wengine wenu mmeshaipenda. Hata mimi nikiiona barabarani nageuka kuitazama. Lakini hiyo 1,450,000 ni ada ya mlangoni tu. Ndani ya nyumba kuna malipo mengine, na hayo ndiyo nimekuja kuyasema.

Nyinyi ni wafugaji, kwa hiyo nitaanza na ng'ombe. Mtu akikuletea ng'ombe wa gredi kwa bei ya ng'ombe wa kienyeji, hufurahi kwanza. Unamwuliza, huyu ana nini? Unashika kiwele, unatazama meno, unamtembeza. Halafu hata kama ni mzima unajiuliza, nitampa nini ale mwezi wa Septemba majani yakiisha? Dawa ya kupe nitaipata wapi? Ng'ombe wa gredi si mbaya. Anatoa maziwa mengi kwa mtu aliye na nyasi, maji na daktari karibu. Pikapu ya kifahari ni hivyo hivyo.

Kwa nini basi inauzwa rahisi? Si lazima mwenye nayo awe mwizi. Gari kama hili likiwa jipya lilikuwa la mamilioni mengi. Aliyelinunua ni kampuni, au mkandarasi, au ofisi fulani. Wanaliendesha miaka mitano, sita, na wanajua hesabu. Gari likikaribia kudai mkanda wa taimingi, klachi, injekta na tairi zote kwa pamoja, wanaliuza au wanalipeleka mnadani. Anayelinunua ananunua gari pamoja na deni lake. Tena kumbukeni kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo mtu akikuuzia pikapu ya miaka 12 akakwambia "hii imetoka Japani juzi tu", mwache aendelee na safari yake. Imetembea barabara hizi hizi zetu.

Haya, tuingie kwenye gari lenyewe. Bei nitakazotaja ni makadirio ya gereji yangu, pamoja na yale tunayoyaona tukinunua spea Kirinyaga Road Nairobi. Duka hili na lile hutofautiana, na shilingi nayo hupanda na kushuka, kwa hiyo mwulize upya siku ya kununua.

Naanza na joto, kwa sababu nyinyi mko chini bondeni na soko kubwa liko juu. Gari likitoka hapa limejaa, likapanda kupitia Kimuka kuelekea Ngong, injini inafanya kazi ngumu huku gari linakwenda polepole, na upepo wa kupoza rejeta ni kidogo. Pikapu ya zamani ya kawaida ina rejeta kubwa mbele ya injini ndogo, na fundi yeyote wa njiani anaweza kuifungua. Kwenye hii ya kifahari, mbele mmepangwa rejeta, kipoza hewa ya turbo, kipoza oili ya giaboksi na kipoza cha eyakondishen, kimoja nyuma ya kingine kama mikate. Vumbi letu la majivu ya Suswa linaingia katikati na kukaa. Ukitazama kwa mbele unaona pasafi, kumbe katikati kuna ukuta wa udongo. Injini inachemka, gaskiti ya silinda hedi inaungua, na ukiendelea kuendesha, hedi yenyewe inapinda. Kufungua hedi, kuinyoosha na kuirudisha na gaskiti mpya, kwa pikapu ya kawaida jiandae na shilingi 40,000 hadi 60,000. Kwa hii ya kifahari zidisha mara mbili, na usishangae ikizidi.

Dereva wenu akiona mshale wa joto unapanda, asiseme "nifike kwanza". Asimame. Na asifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yale yatamchubua uso. Tena akimaliza kupanda mlima mkali, asizime injini papo hapo. Aiache inguruma polepole dakika moja au mbili. Ile turbo inazunguka kwa kasi kubwa sana na inapozwa na oili. Ukizima ghafla oili inasimama na kuungulia humo ndani. Turbo mpya hupita shilingi 100,000, na iliyokarabatiwa ni kati ya 40,000 na 70,000. Dakika mbili za dizeli ni shilingi ngapi?

Vumbi nalo lina adui mwingine, filta ya hewa. Kitabu cha gari kiliandikwa kwa mtu wa barabara ya lami. Hapa kwetu filta itazamwe kila wiki. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, si kutoka nje kwenda ndani. Nimeona vijana wa pampu wakifanya kinyume, wanaujaza mchanga ule ule kwenye karatasi, na mchanga ukipita unakula mapanga ya turbo.

Sasa dizeli. Hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Pikapu za kale zilikuwa na pampu ya dizeli ya kawaida. Unaweza kuitilia dizeli ya mtungi iliyokaa dukani mwezi mzima, ikakohoa kidogo halafu ikaenda. Hizi za siku hizi zina bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote, na presha yake ni mara mamia ya ile iliyo ndani ya tairi. Matundu ya injekta ni membamba sana. Kwa hiyo tone la maji, au vumbi la mtungi, au mafuta ya taa, linafanya kazi ya msasa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa? Sababu moja ilikuwa hiyo, watu walikuwa wanachanganya kwa kuwa yalikuwa rahisi kuliko dizeli. Akina mama walilia kwa taa na jiko, lakini injekta zilipona.

Injekta moja mpya huweza kufika shilingi 35,000 na zaidi. Injini ina nne. Hiyo ni 140,000, na bado hatujagusa pampu. Za mtumba zipo, bei yake haifiki nusu, lakini unanunua usichokijua. Dalili zake ni hizi: gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi, linatetemeka likisimama, linatoa moshi mweusi ukikanyaga, na linagonga kama nyundo ndogo.

Na msidhani ni zile za kifahari tu. Hilux yetu tunayoipenda, ile ya D-4D ya lita 3.0, inajulikana dunia nzima kwa ugonjwa mmoja. Kuna vipete vya shaba chini ya injekta. Vikichoka, moshi wa silinda unapita, unageuka lami nyeusi ndani ya oili, na lami ile inaziba chujio ambalo pampu ya oili inavutia. Siku moja taa ya oili inawaka, dereva anasema atatazama kesho, na injini inajifunga. Vipete vile ni vya bei ndogo sana. Injini ya mtumba ya kuirudisha barabarani ni mamia ya maelfu. Kwa hiyo mkinunua Hilux ya aina hiyo, swali la kwanza kwa mwenye nayo ni: vipete vya injekta vilibadilishwa lini?

Ford Ranger ya lita 3.2, ile ya silinda tano, nayo ina yake. Ukimwaga oili usiende kunywa chai. Ikiachwa tupu muda mrefu, pampu ya oili hupoteza nguvu ya kuvuta, na ukiwasha injini inakwenda kavu. Maelekezo ni kwamba oili mpya iingie ndani ya dakika 10. Fundi asiyejua hili ataua injini nzima kwa kazi ya kubadilisha oili tu, na hatakuwa na ubaya moyoni. Ndiyo maana nasema gari la kigeni linahitaji fundi anayelijua, si fundi aliye karibu.

Jambo la tatu ni moshi. Magari ya dizeli ya siku hizi yamefungwa vyombo vya kusafisha moshi. Kimoja hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Kingine ni chujio kubwa kwenye bomba la ekzosi linalokusanya masizi, na likijaa linajichoma lenyewe hadi masizi yawe majivu. Lakini ili lijichome linataka safari ndefu ya mwendo mzuri. Gari linalotoka hapa kwenda kisimani, likasimama, likarudi, likaenda kwa maziwa likisimama kila boma, halipati moto huo. Chujio linaziba, taa inawaka, gari linapoteza nguvu mlimani.

Si ushamba wetu. Huko Australia watu walishtaki Toyota kwa sababu ya chujio hilo kwenye Hilux, Fortuner na Prado, na mwezi wa Aprili 2022 mahakama ya shirikisho ikakubali kwamba magari zaidi ya 260,000 yaliyouzwa kati ya 2015 na 2020 yalikuwa na kasoro. Kama gari jipya la mtu mwenye barabara ya lami lilisumbua, mtumba wetu je? Zamani dizeli yetu yenyewe isingefaa kwa vyombo hivi, ilikuwa na salfa nyingi. Tangu Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana isizidi sehemu 50 kwa milioni. Hilo limesaidia. Lakini salfa kupungua hakuondoi safari fupi.

Kuna mafundi watakaokwambia, tukate tuitupe hiyo chujio. Wengi hufanya hivyo. Mimi siwashauri. Kompyuta ya gari inabidi idanganywe, ikidanganywa vibaya injini inakula dizeli nyingi, na moshi wenyewe utapumuliwa na watoto wenu waliokaa nyuma.

Mkanda wa taimingi nitaupitia haraka. Injini nyingine zina mkanda wa mpira, nyingine zina cheni. Volkswagen Amarok ya lita 2.0 ina mkanda. Hilux ya 3.0 ina mkanda, ile ya 2.8 iliyoanza 2015 ina cheni. Mkanda una umri wake kwenye kitabu, kwa kilomita na kwa miaka. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo ni injini. Kama mwuzaji hana karatasi ya gereji inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haujabadilishwa. Weka shilingi 60,000 kando, mkanda pamoja na pampu ya maji na puli zake.

Klachi: ya pikapu ya kawaida, seti na kazi, tumekuwa tukifanya kwa 25,000 hadi 35,000. Nyingi za kifahari zina flaiwili yenye springi ndani ili dereva asisikie mtetemo. Raha hiyo ikichakaa ni shilingi 100,000 na kuendelea. Giaboksi ya otomatiki ikiharibika sitaji bei, nisije nikawafukuza hapa. Umeme pia nitasema kwa ufupi: kila kitu kizuri mlichokiona ndani, kamera, vitufe, vioo vinavyojikunja, ni waya, na panya wa ghala la mahindi wanapenda waya.

Sasa mzigo. Mama mmoja aliniuliza pale nje kama hilo gari laweza kubeba tangi la lita 1,500. Mama, lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 1,500 ni tani moja na nusu, kabla ya tangi lenyewe, dereva na wale wanaodandia. Dabo kebini nyingi zimepimwa kubeba karibu tani moja au chini, na watu walio ndani wanahesabiwa humo humo. Tena sanduku la nyuma la dabo kebini ni fupi, kwa hiyo uzito unakaa mwishoni, nyuma ya ekseli. Kila shimo linainua mbele na kukandamiza nyuma, na chesisi inaanza kupinda pale katikati ya kebini na sanduku. Nyingine hazina hata springi za majani nyuma. Mercedes-Benz X-Class na Nissan Navara ile ya dabo kebini waliyotoka pamoja zina springi za mviringo kama gari dogo, ili abiria asirushwe. Ni nzuri kwa bwana harusi. Kwa maji ya ng'ombe, hapana.

Kwa kuwa nimeitaja X-Class, nieleze ukoo wa magari, maana utaokoa pesa. Gari lile lilitengenezwa kuanzia 2017 hadi 2020, na lilitoka kiwanda cha Nissan kule Barcelona, Hispania. Chini yake ni Navara. Miaka mitatu tu, basi. Vyuma vingine unaweza kupata vya Navara kwa bei ya Navara, lakini taa, bodi na viti ni vya kwake peke yake, na kiwanda kimeacha kulitengeneza. Amarok nayo ina koo mbili: ile ya kwanza ya mwaka 2010 ni ya Volkswagen wenyewe, ile ya pili iliyoanza 2022 inaundwa na Ford Afrika Kusini na ni ndugu wa Ranger. Mtu akikwambia ana spea ya Amarok, mwulize ya ukoo gani. Isuzu D-Max kwa upande mwingine huunganishwa hapa hapa Nairobi, na spea zake utazikuta hata Kajiado mjini. Spea za Hilux hali kadhalika. Gari linalosimama wiki tatu likingojea spea moja ya shilingi 4,000 kutoka nje ya nchi limewagharimu maziwa ya wiki tatu. Hiyo hakuna fundi anayeiandika kwenye risiti.

Tufanye hesabu. Mweka hazina, naomba uandike.

Mna 1,500,000. Mkitoa 1,450,000 mnabaki na 50,000. Sasa gari limefika hapa. Tairi, nimeambiwa nne zimeisha. Tairi za rimu kubwa zile weka 25,000 moja, hiyo 100,000. Mkanda wa taimingi 60,000. Oili zote na filta zote 25,000. Breki 24,000. Betri 16,000. Jumla ni 225,000. Hayo si maharibiko, hayo ni kulikaribisha gari nyumbani. Mmeshapungukiwa 175,000 na bima hamjalipa.

Halafu kila kilomita ina deni lake. Tairi nne za 100,000 zikitembea kilomita 40,000 kwenye mawe yetu, ni shilingi 2.50 kwa kilomita. Sevisi ya 15,000 kila kilomita 5,000, ni shilingi 3. Mkanda, senti 70 hivi. Bushi, boljointi, shokabsoba na breki, tuseme 80,000 kwa kila kilomita 40,000, ni shilingi 2. Yale makubwa, turbo, injekta, klachi, tuseme yatakula 360,000 kila kilomita 100,000, ni shilingi 3.60. Jumlisha. Ni karibu shilingi 12 kwa kilomita, bila dizeli na bila mshahara wa dereva. Gari likienda kilomita 100 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 50, ni kilomita 25,000 kwa mwaka. Mara 12 ni shilingi 300,000 kila mwaka. Pikapu ya kebini moja isiyo na mapambo, hesabu yangu ni nusu ya hiyo, 150,000. Na dizeli mnaijua wenyewe, Septemba 2023 ilivuka shilingi 200 kwa lita. Haitungojei.

Sasa, hiyo shilingi 1,200 ya kila safari ya kilomita 100 itatoka wapi? Kama nauli ya mtungi wa maziwa haiwezi kuitoa, basi itatoka kwenye mifuko ya wanachama, na hapo ndipo vikundi huvunjika. Nimeona gari zuri limeegeshwa nyuma ya gereji miezi minane, nyasi zimeota hadi mlangoni, na wanachama hawasalimiani.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi, nasema hivi. Tafuteni kebini moja, springi za majani, injini inayojulikana, hata kama ina kilomita nyingi, kwa bei isiyopita 1,100,000. Zile 400,000 zinazobaki, 150,000 zitengeneze gari siku ya kwanza, 100,000 ilipe bima na karatasi, na 150,000 zikae benki kwa jina la "ukarabati" na saini tatu, moja kutoka kila kikundi. Mgonjwa je? Najua mtauliza, maana kebini moja haina mahali pa kumlaza mama mjamzito. Ni kweli, na hilo ndilo jambo linalonifanya nisite. Kama mnaona usiku wa mgonjwa una uzito kuliko maji, basi chukueni dabo kebini, lakini ya kazi, viti vya kitambaa, gia za mkono, na mzigo upungue. Huo uamuzi ni wenu, si wa fundi.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kushika bei, fanyeni utafutaji wa gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Itawaonyesha jina la mwenye gari na namba ya chesisi. Linganisheni na ile iliyogongwa kwenye chuma. Magari mengi huwekwa rehani kwa mkopo, na benki inaweza kuja kulichukua mkiwa mmeshalipia. Na logibuku iandikwe jina la kikundi kilichosajiliwa, au kamati mtakayoisajili pamoja chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, si jina la mwenyekiti. Mwenyekiti, usinikasirikie. Wewe tunakuamini, lakini hatujui watoto wako watasema nini siku haupo.

Nimeulizwa maswali mawili kwenye karatasi, niyajibu nikae.

La kwanza, "Tukiona mita inasoma kilomita 90,000, tuamini?" Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazameni mpira wa pedali ya breki, usukani mahali mkono unaposhika, na kiti cha dereva upande wa mlango. Mpira ukiwa umelika hadi chuma na mita inasema 90,000, mmoja wao anadanganya, na si mpira.

La pili, "Moshi gani ni mbaya?" Mweusi kidogo ukikanyaga kwa nguvu, ni wa dizeli, unaweza kuzungumza nao. Wa buluu ni oili inaungua, pistoni au turbo. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, una harufu tamu, ni maji ya rejeta yanaingia ndani. Fungueni kifuniko cha oili: mkikuta kitu kama maziwa ya chai, fungeni mrudi nyumbani.

Kuhusu hilo gari la Kitengela lenyewe, mimi sijaliona kwa chini, kwa hiyo sitalisema vibaya. Jumatano nitakuwa gereji kuanzia saa mbili asubuhi. Waje watatu, mmoja kwa kila kikundi, na mmoja awe mama. Mwambieni mwuzaji alete gari likiwa baridi, lisiwashwe kabla sijashika injini kwa mkono wangu. Nitalipandisha juu nione chesisi, nitalipima kwa kompyuta, kisha tutalipandisha mlima likiwa na mzigo wa mifuko kumi ya simiti, kilo 500, tuone mshale wa joto unasema nini. Akikataa jambo lolote katika hayo, msibishane naye. Kuna kebini moja nyeupe ya mwalimu mmoja aliyestaafu pale Isinya, nimeitengeneza mimi miaka sita, na anataka kuiuza kabla ya mvua.